Mdahalo, kisa cha familia au bunge la darasa: njia ipi inafaa kufundishia maadili ya jenetiki na kloni?

Mwalimu wa Biolojia anayefika kwenye mada ya urithi katika S.4 (kidato cha nne) huwa na kazi mbili. Ya kwanza ameizoea: Mendel na njegere zake, kromosomu, majedwali ya kukutanisha jeni za baba na mama, maswali ya UNEB (baraza la mitihani la Uganda) ya miaka iliyopita. Ya pili huja bila kualikwa. Mwanafunzi wa dawati la nyuma ananyoosha mkono: "Mwalimu, kama iliwezekana kumkloni kondoo, mtu je?" Kabla hujajibu, jirani yake anadakia: "Na kama daktari anaweza kurekebisha jeni ya ugonjwa, kwa nini asirekebishe na urefu?" Darasa zima linaamka, na kengele imebakiza robo saa.

Nafundisha Busia, upande wa Uganda. Somo lenyewe linaendeshwa kwa Kiingereza kama mtihani unavyotaka, lakini maswali ya namna hii yakianza, Kiswahili na Lusamia vinaingia vyenyewe, na mimi siwakatazi. Mtoto anayetafuta neno la Kiingereza hawezi wakati huohuo kutafuta haki iko wapi. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020 na ambao kundi lake la kwanza lilifanya UCE (mtihani wa mwisho wa S.4) mwaka 2024, umetupa pa kuyaweka maswali haya: asilimia 20 ya alama hutokana na kazi za darasani, zikiwemo zile za AOI (Activities of Integration) ambazo mwanafunzi hupewa tatizo la maisha alitatue kwa alichojifunza. Nafasi ipo. Linalobaki ni kuchagua njia.

Njia zinazotumika zaidi katika shule zetu ni tatu: mdahalo, kisa cha familia, na kuigiza bunge au kamati. Nazilinganisha hapa kwa mambo manne: muda, ukubwa wa darasa, sayansi inabaki kiasi gani ndani ya mazungumzo, na nani anaweza kuumia. Hilo la nne ndilo ninalolipa uzito kuliko yote, na ndilo walimu wengi hawalifikirii mpaka mtoto atoke darasani analia.

Mdahalo: moto mwingi, sayansi kidogo

Shule za Uganda zinajua mdahalo. Kuna mwenyekiti, katibu, mtunza saa, wanaounga mkono na wanaopinga, na jioni ya Ijumaa ukumbi unajaa. Hoja huwa moja miaka nenda rudi: kumkloni binadamu, yaani kumzalisha mwenye jeni sawa na za mtu mwingine, kuruhusiwe au kusiruhusiwe. Haina gharama, haihitaji maabara, na inamfundisha mtoto kusimama mbele za watu akazungumza. Faida hizo ni za kweli, sizidharau.

Shida ni kwamba mdahalo unatafuta mshindi. Msemaji wa pili wa upinzani atasema mtu wa kloni hana roho, watu watapiga makofi, na alama zimekwenda. Hakuna atakayemuuliza kloni hasa ni nini. Wengi wa wanaopiga makofi wanadhani mtu huingia kwenye mashine akatoka na nakala yake ya umri uleule, imevaa hata viatu vilevile.

Kabla ya mdahalo wowote wa kloni, kwa hiyo, darasa linahitaji kipindi kizima juu ya Dolly. Alizaliwa tarehe 5 Julai 1996 katika Taasisi ya Roslin karibu na Edinburgh, Uskoti, na dunia ikatangaziwa Februari 1997. Ian Wilmut, Keith Campbell na wenzao walichukua seli ya kiwele cha kondoo jike wa miaka sita, wakaiunganisha na yai la kondoo mwingine lililokwisha kuondolewa kiini, kisha kiinitete kikapandikizwa kwenye tumbo la kondoo wa tatu. Dolly alizaliwa mwanakondoo mchanga kama wanakondoo wote, akanyonya, akakua. Alikuwa na mama watatu wa aina tatu, na hata DNA yake haikuwa nakala kamili, kwa sababu ile ya mitokondria (vijisehemu vya seli vinavyozalisha nishati) ilitoka kwa mwenye yai.

Ubaoni andika namba hizi: mayai yaliyounganishwa 277, viinitete vilivyopandikizwa 29, mwanakondoo 1. Nyamaza kidogo. Mwanafunzi anayezitazama namba hizo ataona mwenyewe swali la maadili lilipo, bila kuhubiriwa. Kwa kondoo tunaweza kubishana. Kwa wanawake, nani atatoa mayai 277, na nani atabeba mimba zitakazoharibika? Kisha ongeza kwamba Januari 2018 wanasayansi wa Shanghai walitangaza kima wawili wa kloni, Zhong Zhong na Hua Hua, waliopatikana baada ya viinitete 79 kupandikizwa kwa majike 21. Kima yuko karibu nasi zaidi ya kondoo, na darasa linalihisi hilo mara moja.

Kuhusu roho, ninalo swali moja linalotosha. Pacha wa kufanana ni kloni za asili, wana DNA moja. Je, Wasswa na Kato wana roho moja? Opio na Odongo je? Sijaona darasa lililojibu ndiyo. Kuanzia hapo mazungumzo yanaacha kuogopa mazimwi, yanageukia mambo ya kweli: ridhaa, maumivu, mtoto anayezaliwa kutimiza haja ya mtu mwingine.

Mdahalo pia unaficha tofauti ambayo bila kuijua mtu hawezi kuamua lolote. Kuna kloni ya uzazi, inayokusudia kumzalisha mtu mzima, na kuna kloni ya tiba, ambapo kiinitete hakipandikizwi bali hutolewa seli za kutafutia dawa. Azimio la UNESCO kuhusu jenomu (jumla ya jeni) ya binadamu la mwaka 1997 lilitaja kloni ya uzazi kuwa ni kinyume cha utu wa binadamu, na halikuleta ugomvi mkubwa. Umoja wa Mataifa ulipojaribu mwaka 2005 kupiga marufuku aina zote kwa pamoja, nchi 84 zilikubali, 34 zilikataa na 37 hazikupiga kura upande wowote, na lililopatikana ni tamko lisilo na nguvu ya sheria. Ubishi haukuwa juu ya kumkloni mtu. Ulikuwa juu ya ile ya tiba. Hoja ya mdahalo ya Ijumaa inayachanganya yote mawili katika sentensi moja, halafu inaomba kura.

Ukihesabu, mdahalo unachukua kipindi kimoja cha maandalizi na jioni moja. Unahimili ukumbi mzima, ingawa wanaosema ni wanane na wengine wamekaa. Anayeumia ni nadra, isipokuwa yule mpole ambaye hakufungua mdomo na ambaye huenda ndiye aliyekuwa na wazo. Dawa yake ndogo ni hii: katikati ya mdahalo pande zibadilishane. Aliyekuwa akipinga aunge mkono. Kelele hupungua nusu, na fikra huongezeka.

Kisa cha familia: kina kirefu, na hatari yake

Njia ya pili inaanzia nyumbani, na kwa Uganda kisa kinachofaa ni selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyoiita. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa kwa matone ya damu kavu ya watoto yaliyokuwa tayari yamefika Maabara Kuu ya Afya kwa ajili ya kupima VVU ulionyesha kwamba asilimia 13.3 ya watoto walibeba jeni moja ya selimundu (AS), na asilimia 0.7 walikuwa na ugonjwa wenyewe (SS). Mashariki na kaskazini mwa nchi viwango viko juu kuliko kusini magharibi. Sisi wa Busia tumo.

Piga hesabu ya darasa lako. Katika wanafunzi 100, wapatao 13 wanabeba jeni hiyo, na huenda wengi wao hawajui. Kila neno unalosema juu ya "watu wa AS" linawaangukia.

Mimi hutumia wachumba wa kubuni, Nekesa na Wandera. Wanataka kufunga ndoa, kanisa limewaomba majibu ya kipimo, na wote wawili wametoka AS. Mchungaji anasita. Mama yake Wandera anasema achana naye. Nekesa anasema ni majibu yake, hakumruhusu mtu kuyapeleka kwa mama mkwe. Maswali yako humo ndani: nani ana haki ya kuyajua majibu hayo? Mchungaji anaweza kuwakatalia ndoa? Wakioana wakijua, wamekosea? Kisa hiki hakiko mbali na watu. Mbio za siku ya kuzaliwa ya Kabaka, mfalme wa Buganda, zilielekezwa kwa miaka kadhaa kwenye vita dhidi ya selimundu, na makanisa mengi sasa huwahimiza wachumba wapime kabla ya kutangazwa.

Kabla ya kuulizana nani ana haki, darasa linatakiwa lielewe uwezekano, na hapa maharage ya jikoni yanatosha. Kila kundi linapata bakuli mbili, moja ya baba na moja ya mama, kila moja ina maharage mekundu 20 na meupe 20. Nyekundu ni A (jeni ya kawaida), nyeupe ni S (ya selimundu). Mwanafunzi anafumba macho, anachukua moja huku na moja kule, mtoto wa kwanza ameandikwa, maharage yanarudishwa, bakuli inatikiswa. Watoto wanne kwa kila familia. (Usichanganye maharage na mahindi, vidole vinatambua umbo, na watoto wetu ni wajanja.) Kwa hesabu, karibu theluthi ya familia hazitapata mtoto SS hata mmoja, na nyingine zitapata wawili. Hapo ndipo inapokufa ile imani iliyoenea kwamba ukishazaa mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata ni salama. Moja ya nne ni ya kila mimba, na bakuli halikumbuki mtoto aliyetangulia.

Zao kubwa la zoezi hili ni lingine, na ndilo linalonifanya niipende njia hii. Katika nyumba nyingi, mtoto mwenye selimundu anapozaliwa lawama humwendea mama: damu yake mbaya, au amerogwa na kwao. Mwanafunzi aliyechota maharage kwenye bakuli mbili ameona kwa macho kwamba bila S ya baba hakuna SS. Niliwahi kumsikia mvulana wa kundi la mbele akimwambia mwenzake taratibu, "Kumbe hata mzee anahusika." Alisema kwa sauti ya mtu anayefikiria nyumba anayoijua. Sikumuuliza ni ipi.

Kutomuuliza ni kanuni. Njia hii ina hatari ambayo mdahalo hauna, na mwalimu anayeichagua lazima aijue kabla. Zoezi linalopendwa katika shule nyingi ni kuwatuma wanafunzi nyumbani wakaulize kundi la damu la baba na la mama, wachore mti wa ukoo. Fikiri kidogo. Baba ni O, mama ni A, mtoto ameandikiwa AB kwenye kadi ya kuchangia damu. Kwa kawaida hilo haliwezekani, kitabu kinasema hivyo na wewe umefundisha hivyo jana. Labda kadi ya baba iliandikwa vibaya kliniki. Labda sivyo. Kwa vyovyote vile, mtoto wa miaka 16 sasa ameshika karatasi inayosema yule si baba yake, na dawati zima limeiona. Zoezi hilo liachwe kabisa. Hakuna alama ya AOI inayolingana na gharama yake. Tumia familia za kubuni, na ukisikia mwanafunzi anaanza "kwetu sisi...", mrudishe kwa upole kwa Nekesa na Wandera.

Zingatia pia neno unalotumia. Anayebeba AS si mgonjwa, na jeni hiyo imedumu katika nchi zenye malaria kwa sababu inamkinga mbebaji dhidi ya malaria kali. Sema hilo mapema, siyo mwishoni kama nyongeza. Na mwanafunzi akikufuata baada ya kipindi akitaka kupima, mpeleke kwa muuguzi au kituo cha afya, umweleze kwamba kile kipimo rahisi cha kuangalia kama chembe zinajipinda hakitofautishi AS na SS. Anahitaji kile cha kutenganisha hemoglobini.

Kisa hiki kinafungua mlango wa sayansi mpya kuliko Dolly. Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha tiba ya selimundu inayohariri jeni kwa CRISPR (mbinu ya kukata na kubadilisha DNA), iitwayo Casgevy, na Marekani ikafuata Desemba. Seli za uboho za mgonjwa hutolewa, huhaririwa maabara, hurudishwa mwilini. Bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Waache wanafunzi waikokotoe kwa shilingi za Uganda; wataandika sifuri mpaka wachoke. Halafu uliza: ugonjwa umejaa huku, tiba iko kule, hiyo ni haki? Swali hilo lina uzito kuliko kumkloni mtu, na tofauti yake ni kwamba linawahusu watu wanaowajua.

Kutoka hapo ni hatua moja hadi kwa mwanasayansi He Jiankui wa China, aliyetangaza Novemba 2018 kwamba amehariri viinitete na mapacha wa kike wamezaliwa. Mwishoni mwa 2019 alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Casgevy inabadilisha seli za mwili wa mgonjwa aliyekubali, na mabadiliko yanaishia kwake. He Jiankui alibadilisha viinitete, na mabadiliko yanaweza kurithiwa na vizazi ambavyo havikuulizwa. Mwanafunzi wa S.4 aliyeelewa tofauti hiyo amepiga hatua ndefu.

Muda: vipindi viwili mfululizo, dakika 80, na ikiwezekana kimoja zaidi. Darasa: mpaka 60 vizuri, juu ya hapo makundi hayasimamiki bila mwalimu wa pili. Sayansi: nyingi mno. Hatari: kubwa usipoziheshimu kanuni.

Bunge la darasa: ndizi, mahindi na mpaka

Njia ya tatu inalipeleka swali kwenye sera. Wanafunzi wanakuwa kamati ya bunge inayosikiliza mashahidi kuhusu mazao ya GMO (yaliyobadilishwa jeni), kisha inatoa uamuzi wenye masharti. Si ndiyo au hapana tupu. Ni "ndiyo, lakini kwanza hivi na hivi".

Anza na shamba. Mgomba wa matoke hauna mbegu. Unaopandwa ni mche uliong'olewa pembeni ya mama yake, kwa hiyo kila mgomba wa aina moja ni kloni. Kahawa ya robusta inayogawiwa kwa wakulima kwa vipandikizi ni kloni. Muhogo ni kloni. Darasa zima limekula kloni tangu lizaliwe, na kicheko kinachofuata huondoa hofu kuliko hotuba yoyote. Baada ya kicheko, onyesha gharama yake: mimea inayofanana huugua pamoja. Mnyauko wa bakteria wa migomba ulionekana Uganda mwaka 2001 kuanzia maeneo ya Mukono, na ukapita shamba kwa shamba kwa panga lenye utomvu na kwa wadudu wanaotembelea ua dume. Kwa nini wakulima wengi walipoteza shamba zima? Hapo kloni imegeuka somo la tahadhari, na hakuna aliyetaja zimwi.

Watafiti wa NARO (shirika la taifa la utafiti wa kilimo) pale Kawanda na wenzao wameingiza jeni za pilipili hoho kwenye migomba ili ihimili mnyauko huo. Katika utafiti mwingine, pamoja na Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Queensland nchini Australia, wametafuta ndizi yenye vitamini A zaidi, na jeni mojawapo katika kazi hiyo ilitoka kwenye ndizi ya Papua New Guinea. Waulize kamati: jeni ya ndizi kuingia kwenye ndizi, na jeni ya hoho kuingia kwenye ndizi, kuna tofauti ya maadili hapo au ya hisia tu? Mabishano yake ni matamu.

Historia ya bunge halisi ipo tayari kutumika. Muswada wa usalama wa bioteknolojia wa mwaka 2012 ulipitishwa Oktoba 2017. Rais Museveni akaurudisha, akiwa na wasiwasi juu ya hakimiliki ya mtu anayeongeza kitu kwenye mbegu iliyotunzwa na wenyeji vizazi na vizazi, na juu ya mbegu za asili kuchanganyika. Ukapitishwa tena Novemba 2018, safari hii ukiwa na kifungu kinachomtwika mwenye teknolojia lawama ya madhara hata kama hakufanya uzembe. Rais akaukataa tena mwaka 2019. Kwa hiyo wanafunzi wana hoja za kweli za pande zote mbili, zilizotolewa na watu wazima wenye madaraka, na hakuna upande wa wajinga.

Mashahidi wangu huwa mkulima wa Isingiro, mtafiti wa Kawanda, mwenye duka la pembejeo, muuguzi wa kliniki ya watoto, na mama anayevusha mahindi mpakani. Huyu wa mwisho ndiye anayeuchangamsha mchezo kwetu Busia. Kenya iliondoa marufuku yake ya GMO Oktoba 2022, kesi zikafunguliwa mahakamani, na mahindi hayana pasipoti. Gunia likivuka kwa baiskeli, sheria ya nani inalihusu?

Mara moja mkulima wa Isingiro alidai kwa ukali kwamba chavua ya ndizi za GMO itaharibu migomba ya jirani. Mtafiti, msichana mwembamba aliyekuwa hajasema lolote, akamjibu kwamba mgomba wa matoke ni tasa, hauzai kwa chavua, "lakini mahindi yanazaa hivyo, kwa hiyo swali lako ni zuri, ila umelileta kwenye zao lisilo lake." Kamati ikaandika masharti tofauti kwa kila zao. Ndivyo ninavyotaka kuona: sayansi ikibadilisha uamuzi wa maadili mbele ya macho yangu.

Njia hii inahimili hata wanafunzi 100, kwa sababu unaweza kuendesha kamati nne kwa pamoja zenye mashahidi wao. Haimuumizi mtu. Lakini inataka vipindi vitatu, kimoja cha kusoma nafasi zao, na mwalimu aliyeandaa karatasi za mashahidi mapema. Upungufu wake ni kwamba mwili wa mtu haumo. Mwanafunzi anaweza kutoka akidhani maadili ni kazi ya wabunge, asione yanavyomhusu siku atakapoketi mbele ya mpimaji damu na mchumba wake.

Na mgeni je?

Wapo wanaomwalika padri, sheikh au muuguzi akamaliza kazi yote. Mgeni ni mzuri kama nyongeza. Kanisa Katoliki linakataa kloni ya binadamu ya aina zote. Baraza la Fiqhi la Kiislamu liliharamisha kumkloni binadamu mwaka 1997 huku likiruhusu mbinu hizo kwa mimea na wanyama zikiwa na manufaa. Wanafunzi wetu wanatoka nyumba hizo na wanastahili kusikia sababu za dini zao zikielezwa na anayezijua. Mwite mwisho, akishakuta darasa lina maswali, na wakiwezekana waite wawili. Mgeni mmoja siku ya kwanza hufunga mazungumzo kabla hayajaanza, maana mtoto wa Kiganda, Kisamia au Kiteso hatambishia mzee wa kanisa mbele ya wenzake.

Uchague ipi

Kama una vipindi viwili tu kabla ya mtihani na darasa lisilozidi 60, chukua kisa cha selimundu. Hakuna njia nyingine inayofundisha urithi wenyewe na maadili yake kwa dakika zilezile, na faida yake inatoka shuleni ikaingia nyumbani. Lakini kama hujisikii kuwa mtulivu pindi mwanafunzi atakapoguswa, au kama unajua kuna mgonjwa darasani ambaye bado hajazungumza nawe, acha kwanza. Zungumza naye faragha, umuulize kama angependa mada hiyo ifundishwe akiwepo. Jibu lake liheshimiwe.

Darasa likiwa 80 na zaidi, au wewe ni mgeni shuleni na hujawajua watoto, bunge la ndizi ni salama na lina sayansi ya kutosha. Mimi ningelianzisha mapema, S.3 ikiwezekana, ili wanafunzi wafike S.4 wakiwa wamezoea kutoa sababu bila kumvunjia mtu heshima. Selimundu ifuate baadaye.

Mdahalo wa kloni ya binadamu ubaki kuwa wa mwisho, kwa klabu ya sayansi au kwa A-level, watu wakiwa tayari wanajua Dolly alikuwa nani. Ukiutumia wa kwanza, njia nyingine mbili zitakuta darasa limeshagawanyika kambi.

Njia yoyote utakayoichukua, amua utasahihishaje kabla hujaanza, na uwaambie. Mimi siutuzi msimamo. Mwanafunzi mmoja aliandika kwamba Nekesa na Wandera waachane kwa sababu ndivyo mchungaji alivyosema. Hilo nililipa alama 2 kati ya 10. Mwingine naye alisema waachane, lakini akaeleza uwezekano wa kila mimba, umbali wa kliniki kutoka kijijini kwao, nani atakayemlea mtoto akiugua, na kwa nini anadhani upendo wao hautoshi kubeba hayo. Nilimpa 9. Wa tatu alisema waoane, akatoa sababu zenye uzito uleule, naye alipata 9. Nilipowasomea majibu hayo matatu bila majina, waliokuwa wakinitazama usoni ili wajue mimi niko upande gani waliacha kunitazama, wakaanza kuulizana wao kwa wao.